Majibu ya Wifi

Mpimaji: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Mshonaji: Shikamoo, wifi.

Mpimaji: Marahaba. Kumbe ni wewe! Simu ya nani hii?

Mshonaji: Ya msimamizi wetu hapa kiwandani. Nimemwomba dakika chache. Nikikupigia kwa yangu hupokei.

Mpimaji: Aa, sipokei nini, wifi, ni kazi tu. Leo hapa maabara watu wamejipanga mpaka—

Mshonaji: Nimekupigia mara kumi na moja tangu juzi.

Mpimaji: Simu ilikuwa kwenye mkoba.

Mshonaji: Siku mbili?

Mpimaji: Mkoba wenyewe si unaujua, ni shimo. [Anacheka kidogo.] Haya, uko salama? Umekula?

Mshonaji: Niko salama.

Mpimaji: Umekula?

Mshonaji: Nimekunywa chai.

Mpimaji: Chai siyo chakula. Huko kwenu mvua imenyesha? Maana huku tangu asubuhi wingu limetanda ila—

Mshonaji: Wifi.

Mpimaji: Naam.

Mshonaji: Marehemu mume wangu aliniambia kitu siku ya kwanza kabisa aliponileta nyumbani kwenu. Alisema, "Dada yangu hana uongo hata kidogo, lakini akikuuliza habari za mvua, ujue kuna neno analikwepa."

Mpimaji: Alisema hivyo?

Mshonaji: Alisema hivyo.

Mpimaji: Mshenzi yule.

Mshonaji: Majibu yametoka, siyo?

Mpimaji: Sikusikii, wifi, mtandao unakatakata. Hizo cherehani—

Mshonaji: Ngoja nisogee. [Mlio wa cherehani unapungua. Mlango unafungwa.] Haya, nimeingia stoo ya vitambaa. Niko peke yangu na majora. Unanisikia?

Mpimaji: Nakusikia.

Mshonaji: Ulinitoa damu Jumatatu. Ukasema kesho yake. Leo Alhamisi.

Mpimaji: Ningependa uje tuzungumze uso kwa uso. Ukitoka kazini uje—

Mshonaji: Habari njema haiitiwi mtu uso kwa uso. Niambie.

Mpimaji: Uko kwenye kiti?

Mshonaji: Nimekaa juu ya jora la sare za shule. Niambie, wifi.

Mpimaji: [Pumzi ndefu.] Hakuna mimba.

Mshonaji: [Kimya.]

Mpimaji: Wifi? Haloo?

Mshonaji: Nipo.

Mpimaji: Pole sana, mdogo wangu. Pole mama.

Mshonaji: Lakini kile kijiti cha kupima mkojo kilionyesha mistari miwili.

Mpimaji: Mmoja na kivuli. Nilikuona ukikigeuzageuza dirishani. Kivuli si mstari. Na damu haina vivuli, wifi. Homoni ya mimba ama ipo ama haipo. Kwako haipo kabisa.

Mshonaji: Ni mapema labda.

Mpimaji: Tumemzika lini?

Mshonaji: Wiki kumi na moja zilizopita.

Mpimaji: Basi ingekuwepo ingejaa tele. Wala isingehitaji kutafutwa.

Mshonaji: Nimekosa siku zangu mara tatu! Mara tatu, wifi, mimi ambaye ungeweza kurekebisha saa yako kwa siku zangu. Kichefuchefu kila asubuhi. Kifua kinauma hata nikivaa blauzi. Na juzi— [Anashusha sauti.] Juzi blauzi ililowa. Nilikuwa napiga pasi kola, nikaona doa. Maziwa. Matone mawili, lakini maziwa. Sasa niambie, maziwa yanatoka wapi kama hakuna anayeyasubiri?

Mpimaji: Hukuniambia hilo.

Mshonaji: Nilitaka kukuambia ukinipa majibu. Nilikuwa nimeliweka.

Mpimaji: Lingetupa jibu mapema. Sikiliza. Ipo homoni inayoleta maziwa. Kwa mjamzito inapanda, ndivyo ilivyo. Lakini hata mshtuko unaweza kuipandisha. Hata huzuni. Yako imepanda, nimeiona. Na ikipanda ndiyo hiyo hiyo inayozuia siku za mwanamke.

Mshonaji: Kwa hiyo ni huzuni.

Mpimaji: Ni huzuni, na kutokula, na kutolala, na zile saa unazoongeza kiwandani ukiogopa kurudi kwenye chumba kitupu. Umepungua kilo saba! Nilikupima mwenyewe. Mwili hauulizi kama ni njaa au ni msiba. Wenyewe unaona hatari tu.

Mshonaji: Sielewi. Moyo ndio unaouma. Tumbo la uzazi limeingiaje hapo?

Mpimaji: Niambie, umeme ukiwa mdogo hapo kwenu, msimamizi anafanya nini?

Mshonaji: Anazima baadhi ya mashine.

Mpimaji: Zipi?

Mshonaji: Za darizi kwanza, zile za kutia maua na mapambo. Za kushona sare anaziacha, maana oda lazima itoke.

Mpimaji: Basi. Juu ya figo zako kuna vitezi viwili, vimekaa kama kofia. Ukipata pigo, vinamwaga homoni inaitwa kotisoli. Ndiyo inayokuweka wima: sukari iwepo kwenye damu, presha isishuke, uweze kuamka hata kama hutaki kuamka. Hiyo ikimwagika siku moja mbili, ni msaada. Ikimwagika wiki kumi na moja, ubongo unasema huyu yuko vitani, zimeni kisichohitajika ili aishi. Unapunguza zile ishara zinazokwenda kwenye mayai.

Mshonaji: Mwili unazima za darizi.

Mpimaji: Ndiyo.

Mshonaji: Kwa hiyo mtoto wa mume wangu ni darizi.

Mpimaji: Wifi, sikumaanisha—

Mshonaji: Hapana, nimeelewa. Umeeleza vizuri. Ni mimi nimekuwa nikizungumza na tumbo langu wiki tatu nzima. Nikishona namwambia, hii ni kola, huu ni mfuko, baba yako alikuwa hajui hata kufunga kifungo. Kumbe naongea na njaa.

Mpimaji: Usijicheke.

Mshonaji: Nimcheke nani? Mwili wangu wenyewe umenifanyia utani.

Mpimaji: Haujakutania. Umeumia, basi.

Mshonaji: Siku ile haukuumia. Ile siku yenyewe. Walipokuja kuniambia ameanguka kutoka juu ya paa la ghala, nilikimbia kutoka hapa mpaka kule bila viatu. Mitaa mitatu. Kiganjani kulikuwa na sindano, imezama nusu, wala sikuijua. Ni muuguzi wa kwenu ndiye aliyeichomoa. Aliniuliza, "Mama, huhisi?" Nikamuuliza, "Nihisi nini?"

Mpimaji: Hiyo ni nyingine. Adrenalini. Hiyo inakuja kama moto wa karatasi. Inafunga maumivu, inafungua miguu, moyo unadunda kama ngoma. Inakupa nguvu za kukimbia.

Mshonaji: Nilikimbia. Ilinisaidia nini? Nilikuta wameshampakia kwenye gari.

Mpimaji: Najua.

Mshonaji: Ningekuta bado yuko chini pale, ningemshika hata mkono.

Mpimaji: Najua, wifi. Najua.

[Mtandao unakwaruza.]

Mshonaji: Huenda mashine ndiyo imekosea.

Mpimaji: Haijakosea.

Mshonaji: Mashine ni chuma tu. Hapa kwetu kila siku zinaruka mishono.

Mpimaji: Nilirudia mara tatu.

Mshonaji: Kwa nini mara tatu?

Mpimaji: Basi tu. Utaratibu.

Mshonaji: Utaratibu wenu ni mara tatu?

Mpimaji: Utaratibu ni mara moja.

Mshonaji: Kwa hiyo?

Mpimaji: Kwa hiyo nami nilimtaka! Unafikiri ni wewe peke yako? Nilikaa mbele ya mashine ile Jumanne nzima nikiombea damu. Mpaka yule kijana tunayefanya naye kazi akaniuliza kama nimeanza dini mpya. Nilimbeba mgongoni mdogo wangu yule. Mama alikuwa akienda kazini ananifunga naye kwa kanga, mimi mwenyewe nina miaka tisa, miguu yake inaburuza. Nikasema, Mungu amechukua, lakini labda ameacha kipande. Japo ukucha.

Mshonaji: Wifi...

Mpimaji: Niache kidogo. [Anapekua karatasi.] Haya. Daktari ameona majibu. Anasema uje wiki ijayo. Anataka ule, upumzike, atakupa mtu wa kuzungumza naye, na baada ya mwezi tupime tena. Anasema hakuna kilichoharibika. Siku zako zitarudi.

Mshonaji: Siku zangu.

Mpimaji: Ndiyo.

Mshonaji: Siku zangu hazirudi, wifi. Tumezizika.

Mpimaji: Usiseme hivyo.

Mshonaji: Kuna jambo sijakuambia.

Mpimaji: Sema.

Mshonaji: Utanigombeza.

Mpimaji: Nguvu za kugombeza nizitoe wapi? Sema.

Mshonaji: Mama anajua.

Mpimaji: Mama gani?

Mshonaji: Mama yetu. Mama mkwe wangu. Mama yako.

Mpimaji: Anajua nini?

Mshonaji: Nilimwambia nina mimba.

Mpimaji: Wewe! Lini?

Mshonaji: Wiki mbili zilizopita.

Mpimaji: Kabla ya kipimo? Kabla hata ya kuniambia mimi? Wewe mwanamke una akili timamu kweli? Mama ana presha, wifi! Unajua mtu mwenye presha ukimpandisha juu ghorofani halafu ukamsukuma—

Mshonaji: Alikuwa anakufa!

Mpimaji: Nani kakwambia anakufa?

Mshonaji: Wewe ulikuwa unakuja Jumapili. Mimi nilikuwa namwona kila jioni. Amelala amegeukia ukuta. Dawa hamezi. Uji nampa kijiko, anaushikilia mdomoni mpaka unapoa. Hajasema neno siku nne. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, sikupanga, mdomo ukasema wenyewe. Nikasema, "Mama, nadhani nina mgeni."

Mpimaji: Ee Mungu wangu.

Mshonaji: Akageuka. Akaniangalia tumboni. Akasema, "Nipe kioo." Akachana nywele, wifi! Akamaliza bakuli la uji. Dawa akameza bila kuambiwa. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananipigia kabla sijatoka: "Mgeni kaamkaje?" Namwambia, kaamka salama. Leo pia.

Mpimaji: Leo umemwambia nini?

Mshonaji: Kaamka salama.

Mpimaji: Ndiyo maana.

Mshonaji: Ndiyo maana nini?

Mpimaji: Jumapili nilipompima presha ilikuwa imeshuka. Nikashangaa. Nikasema dawa zimekubali. Na alicheka. Nilimwaga chai kwenye mkeka akacheka, akasema mikono yangu ni ya mtu wa kukamua ng'ombe, si ya kushika kikombe. Nikaenda nyumbani nikiwa na raha. Kumbe alikuwa anamchekea mjukuu.

Mshonaji: Nisamehe.

Mpimaji: Mikono inatetemeka siku hizi, ndiyo maana nilimwaga. Sijui ni nini.

Mshonaji: Inatetemeka tangu lini?

Mpimaji: Aa, ni uchovu. Tuache hilo. Tunafikiria mama.

Mshonaji: Wifi, hebu. Umesema mashine haijakosea. Ulijuaje hizo nyingine, hiyo kotisoli, kwamba yangu ni kubwa?

Mpimaji: Kuna kiwango kimeandikwa. Halafu nilipitisha na damu ya mtu mwingine pembeni, ya kulinganisha. Mtu mzima asiye na tatizo.

Mshonaji: Nani?

Mpimaji: Mtu tu. Wa hapa hapa maabara.

Mshonaji: Yule kijana?

Mpimaji: Ana umuhimu gani?

Mshonaji: Na yake ikasomaje?

Mpimaji: Wifi, foleni imejaa hapa.

Mshonaji: Wifi. Ilikuwa damu yako?

Mpimaji: Ilikuwa karibu. Mkono wangu uko pale, sindano iko pale.

Mshonaji: Ikasomaje?

Mpimaji: Yangu ilikuwa juu kuliko yako.

Mshonaji: Yako?

Mpimaji: Nikasema ni makosa. Nikapima tena kesho yake asubuhi. Ile ile. Nimekaa na karatasi mbili mezani, yako na yangu, na mimi ndiye mtu asiye na tatizo.

Mshonaji: Umelia lini mara ya mwisho?

Mpimaji: Hii simu ya watu, wifi, msimamizi wako—

Mshonaji: Msimamizi ataisubiri. Umelia lini?

Mpimaji: Mtu mzima analialia tu?

Mshonaji: Makaburini hukulia. Nilikuona. Ulikuwa unahesabu viti.

Mpimaji: Viti vilikuwa vya kuazima.

Mshonaji: Na hospitali je? Mimi nakumbuka mlango ulifunguliwa, ukaingia na koti lako jeupe, ukanishika. Nilikung'ata begani. Hukusema kitu. Kabla ya hapo ulikuwa wapi?

Mpimaji: Kazini.

Mshonaji: Najua kazini. Nani alikuambia?

Mpimaji: [Kiti kinaburutwa.]

Mshonaji: Wifi? Upo?

Mpimaji: Hakuna aliyeniambia. Nilisoma.

Mshonaji: Ulisoma wapi?

Mpimaji: Akiletwa majeruhi anayehitaji damu, wanatushushia mrija wa damu yake na karatasi, tuoanishe na damu ya kwenye friji. Dirisha likagongwa. Nikachukua karatasi. Nikasoma jina. Jina la baba yangu nyuma, la mdogo wangu mbele. Nikasoma umri. Nikasema wako wengi. Halafu nikaona palipoandikwa kazi yake: fundi wa kuchomelea.

Mshonaji: Jamani.

Mpimaji: Mrija ulikuwa bado una joto. Nikaushika hivi. Mikono haikutetemeka hata kidogo, wifi, siku ile ilikuwa kama mikono ya mawe. Nikaoanisha. Ikakubali. Nikatoa mfuko wa damu, nikasaini, nikakimbia nao mwenyewe, sikumpa mhudumu. Ngazi mbili mbili. Nikafika mlangoni kwa daktari, nikamnyooshea. Akaniangalia. Akasema, "Rudisha, hatuuhitaji tena."

Mshonaji: Ukafanyaje?

Mpimaji: Nikaurudisha. Damu ikikaa nje ya friji dakika nyingi haifai tena, na ni ya mtu kajitolea. Nikaandika saa ulipotoka na saa uliporudi. Ndipo nikaja kukushika wewe. Halafu nikarudi nikamaliza zamu.

Mshonaji: Ulimaliza zamu?

Mpimaji: Kulikuwa na watu wanasubiri malaria zao. Hakukuwa na wa kunipokea.

Mshonaji: Na wewe alikushika nani?

Mpimaji: Nani anishike? Mama ameanguka, wewe umeanguka. Mtu mmoja ilibidi asimame.

Mshonaji: Kwa hiyo umesimama mpaka leo.

Mpimaji: [Sauti inakatika.] Bado nakimbia na ule mfuko, wifi. Nikilala nakimbia nao. Ngazi haziishi. Nikisema nikae, naona kama—naona kama nikikaa ndiyo itakuwa kweli ameku— [Analia.]

Mshonaji: Lia.

Mpimaji: Samahani. Samahani, hapa kuna watu—

Mshonaji: Wakuone. Lia, dada yangu.

Mpimaji: Nilifika, wifi! Niliuleta! Sikuchelewa, nilipanda mbili mbili—

Mshonaji: Hukuchelewa.

Mpimaji: Alikuwa mdogo wangu!

Mshonaji: Alikuwa mdogo wako. Hukuchelewa. Mimi nilikimbia na wewe ukakimbia. Tumekimbia wote. Basi.

[Kilio. Mtandao unakwaruza. Mlio mfupi wa simu.]

Mpimaji: Ni nini hiyo?

Mshonaji: Salio. Inaonya. Sikiliza haraka. Vua koti hilo. Mwambie kijana ashike dirisha. Toka ukakae nje, pale kwenye benchi la wagonjwa. Nakuja.

Mpimaji: Na kazi yako?

Mshonaji: Sare zitashonwa. Nimeshatoa futi ya kupimia shingoni.

Mpimaji: Na mama? Jioni atakuuliza habari za mgeni. Nitamwambia mimi. Ni mama yangu, nitakwenda nikamwambie—

Mshonaji: Huendi peke yako. Mdomo uliosema ni wangu, nao ndio utakaosema tena. Wewe uwe pembeni na hicho kipimo chako cha presha.

Mpimaji: Itamuua.

Mshonaji: Atageukia ukuta. Najua. Hata akigeuka, safari hii tutakuwa wawili nyuma yake. Na utakula mbele yangu, nami nitakula mbele yako.

Mpimaji: Atasema tumemuua mwanawe mara mbili.

Mshonaji: Acha aseme. Tutamwambia ukweli, kisha tutakaa naye hapo hapo kitandani, mpaka—

[Mlio. Simu inakatika.]

Mpimaji: Mpaka lini? Haloo? Wifi? Mpaka lini?